Tairi la Theluji Halifai Masika ya Songea

SOMO LA SOKO: Mnunuzi ahesabu kilomita, asihesabu bei ya tairi peke yake

Kila mwaka, fedha za mahindi na kahawa zinapoanza kuzunguka mkoani Ruvuma kati ya Julai na Oktoba, biashara ya matairi mjini Songea huchangamka. Miongoni mwa wateja wapo wafanyabiashara wadogo, mawakala wa mazao na watumishi waliojinunulia magari madogo ya kasi yaliyotumika Japani: Toyota Altezza, Toyota Mark II, Subaru Impreza na mengine ya jamii hiyo. Magari hayo yapo chini, yana nguvu nyingi, na mengi huvaa rimu kubwa za sporti zenye tairi jembamba ubavuni.

Wateja hao wanajua kwamba mvua zitaanza Novemba au Desemba na kuendelea hadi Aprili. Wanajua pia kwamba tairi lililowafaa wakati wa kiangazi laweza kuwaangusha katika kona za Lukumburu au katika miteremko ya kwenda Mbinga na Mbamba Bay. Ndiyo maana wengi huingia dukani na ombi moja: tairi lenye kashata nzito, kwa bei nafuu.

Hapo ndipo hasara huanzia. Tairi ambalo mara nyingi hutolewa kwa ombi hilo ni la mtumba kutoka Japani. Kashata zake ni nene, mistari yake ni mingi, mpira wake ni laini mkononi, na bei yake iko chini ya nusu ya tairi jipya. Kwa macho, ni tairi la masika hasa. Kwa hakika, mengi ya matairi hayo yalitengenezwa kwa ajili ya theluji na barafu, vitu ambavyo Songea haina. Mnunuzi hulipa mara mbili: kwanza kwa fedha, kwa kuwa tairi hilo huisha upesi, na pili kwa usalama, kwa kuwa breki zake si za kutegemewa juu ya lami yenye joto na maji.

Somo hili linaeleza jinsi ya kulitambua tairi hilo, jinsi ya kufanya hesabu ya kweli ya gharama, na jinsi ya kuchagua rimu na tairi zinazolifaa gari dogo la kasi katika masika ya Songea.

TAIRI LILIKOTOKA

Katika mikoa ya kaskazini ya Japani, kama vile Hokkaido na Tohoku, theluji hufunika barabara kwa miezi kadhaa. Zamani madereva wa huko walitumia matairi yaliyopigiliwa misumari midogo ya chuma. Misumari hiyo ilichimba lami barabara zilipokuwa kavu, na vumbi lake likawa kero kubwa katika miji kama Sendai. Mwaka 1990 Japani ilitunga sheria ya kuzuia vumbi hilo, na matairi ya misumari yakaondoka katika matumizi ya kawaida.

Mahali pake palichukuliwa na tairi la theluji lisilo na misumari. Hili hushika barafu kwa njia mbili. Kwanza, mpira wake umechanganywa ili ubaki laini hata baridi inapokuwa kali, wakati mpira wa tairi la kawaida huanza kukakamaa joto linaposhuka chini ya nyuzi 7 hivi. Pili, kila kipande cha kashata kimekatwa mikato myembamba kama ya wembe, ili kingo nyingi ndogo zishike juu ya barafu.

Kwa kawaida Wajapani wa mikoa hiyo huwa na seti mbili za matairi. Huvaa za theluji mwanzoni mwa majira ya baridi na kuzivua majira ya kuchipua yanapofika. Tairi la theluji lina alama mbili za kuchakaa. Ya kwanza huonekana nusu ya kina cha kashata inapokuwa imekwisha. Kuanzia hapo tairi halihesabiwi tena kuwa linafaa kwa theluji. Ya pili, iliyo katika kila tairi la gari dogo, huonekana kina kinapobaki milimita 1.6.

Mfanyabiashara azingatie alama hiyo ya kwanza. Tairi lililoanza na milimita 10 likifika milimita 5, kwa Mjapani kazi yake ya theluji imekwisha. Kwa mnunuzi wa Songea, milimita hizo 5 zinaonekana kuwa tairi zima. Kina kinachomvutia mnunuzi wa hapa ndicho kilichomfanya mwenyewe wa kwanza aliache.

BARIDI YA SONGEA NI KAVU

Songea ipo kwenye mwinuko wa takribani mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, na usiku wa Juni na Julai baridi huweza kushuka hadi karibu nyuzi 10. Wapo wauzaji wanaotumia hoja hiyo kumshawishi mteja kwamba tairi la nchi ya baridi linafaa Songea kuliko Dar es Salaam. Hoja hiyo haina mguu wa kusimamia. Baridi ya Songea huja wakati wa kiangazi, barabara zikiwa kavu. Utelezi huja wakati wa mvua, miezi ambayo joto la mchana hupita nyuzi 20 na lami ikipigwa jua huwa na joto zaidi ya hilo.

Mpira uliotengenezwa kubaki laini kwenye barafu huwa laini kupita kiasi juu ya lami ya namna hiyo. Vipande vya kashata vilivyokatwakatwa huyumba kila dereva anapokata kona au kukanyaga breki. Gari huchelewa kuitikia usukani, na husimama mbali zaidi kuliko lingesimama kwa tairi la kawaida lenye hali sawa. Kwa gari la polepole kasoro hiyo hujificha. Kwa Altezza linaloshuka Lukumburu nyuma ya lori lenye tela, hatua chache za ziada za kusimama ndizo tofauti ya kufika na kutofika.

Aidha, bandu bandu huisha gogo. Mpira laini huliwa na lami ya moto kila siku, na kasi ya kuliwa huongezeka kwa magari yanayosukumwa na magurudumu ya nyuma, kama Altezza na Mark II, hasa pale dereva anapopenda kuondoka kwa kishindo.

Hatari nyingine ni ya tairi la theluji lililozeeka. Mpira wake ukishakauka hupoteza ule ulaini wa awali, lakini mikato yake ya wembe inabaki. Tairi hilo halina sifa ya theluji tena, wala halina uimara wa tairi la kawaida. Hilo ndilo baya kuliko yote yaliyomo sokoni.

KULITAMBUA KABLA YA KULIPA

Mnunuzi hahitaji chombo cha gharama. Tairi lenyewe limeandikwa ubavuni, na mwenye kusoma hatadanganywa. Mambo ya kutazama ni haya:

1. Neno STUDLESS. Matairi mengi ya theluji ya Japani yameandikwa neno hili ubavuni. Mengine hutambulika kwa jina la aina: Blizzak ya Bridgestone, iceGUARD ya Yokohama, Winter Maxx ya Dunlop na X-Ice ya Michelin ni matairi ya theluji.

2. Picha ya mlima wenye vilele vitatu na ua la theluji ndani yake. Alama hii huwekwa kwenye tairi lililofaulu kipimo cha theluji. Isichanganywe na herufi M+S, ambazo maana yake ni matope na theluji. Herufi hizo peke yake hazithibitishi kwamba tairi ni la theluji. Zinaonekana pia kwenye matairi mengi ya kawaida ya misimu yote, ambayo hayana ubaya.

3. Herufi ya mwendo mwishoni mwa namba ya saizi. Matairi mengi ya theluji ya Japani huwa na Q, yaani mwendo usiozidi kilomita 160 kwa saa. Tairi la kawaida la gari la kasi huwa na H (210) au V (240). Hakuna anayetakiwa kwenda mwendo huo katika barabara za Ruvuma, lakini herufi hiyo huonyesha jinsi tairi linavyovumilia joto. Q kwenye tairi la gari dogo la kasi ni dalili ya kuuliza zaidi.

4. Namba ya uzito kabla ya herufi hiyo. Namba 91 ni kilo 615 kwa kila tairi, na 95 ni kilo 690. Mnunuzi asishuke chini ya namba iliyoandikwa kwenye kibandiko kilicho kwenye nguzo ya mlango wa dereva.

5. Tarehe ya kutengenezwa. Tafuta herufi DOT na tarakimu nne za mwisho. Mbili za mwanzo ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi lenye tarakimu tatu tu lilitengenezwa kabla ya mwaka 2000, na halifai kuwekwa barabarani hata kama kashata zake ni nzima. Watengenezaji wakubwa hushauri tairi likaguliwe kila mwaka likishatumika miaka 5, na livuliwe likifikisha miaka 10 tangu kutengenezwa, hata kama linaonekana zuri. Kwa gari la kasi, mnunuzi mwangalifu huishia miaka 6.

6. Ndani ya tairi. Lifunguliwe kwenye mwanga na kupapaswa kwa mkono. Kiraka ubavuni, uvimbe, waya unaochungulia au mstari uliokunjika kuzunguka ubavu ni sababu ya kuliacha. Tairi lililotembezwa bila upepo huumia ndani kabla halijaonyesha kitu nje.

HESABU YA KILOMITA

Wafanyabiashara wengi hulinganisha matairi kwa bei ya kununulia. Njia iliyo sahihi ni kugawa gharama yote kwa kilomita zitakazopatikana. Ili kufanya hivyo, mnunuzi anahitaji kujua kina cha kashata kilichobaki, na kiasi ambacho kinaweza kutumika kwa usalama. Ingawa alama ya mwisho ni milimita 1.6, katika mvua tairi huanza kushindwa kutoa maji mapema zaidi. Kwa masika, kipimo cha milimita 3 kichukuliwe kuwa ndio mwisho.

Bei na kasi ya kuisha katika mfano ufuatao zimewekwa ili kuonyesha njia ya hesabu tu. Kila mnunuzi aweke za kwake.

Tairi la kwanza ni la theluji, la mtumba. Bei yake ni Sh 60,000 na kulifunga ni Sh 5,000. Lina kina cha milimita 6, hivyo zinazotumika ni 3. Mpira wake laini huliwa milimita moja kila kilomita 4,000. Litakwenda kilomita 12,000, na kila kilomita itagharimu karibu Sh 5.40.

Tairi la pili ni la kawaida, la mtumba, lenye miaka mitatu. Bei yake ni Sh 75,000 na kulifunga ni Sh 5,000. Kina chake nacho ni milimita 6, zinazotumika ni 3. Huliwa milimita moja kila kilomita 7,000. Litakwenda kilomita 21,000, na kila kilomita itagharimu Sh 3.80.

Tairi la tatu ni jipya. Bei yake ni Sh 180,000 na kulifunga ni Sh 5,000. Kina ni milimita 8, zinazotumika ni 5. Huliwa milimita moja kila kilomita 8,000. Litakwenda kilomita 40,000, na kila kilomita itagharimu karibu Sh 4.60.

Kwa matairi manne na mwendo wa kilomita 40,000, tairi la kwanza litagharimu karibu Sh 867,000, la pili karibu Sh 610,000 na la tatu Sh 740,000. Lililokuwa rahisi kuliko yote dukani limekuwa ghali kuliko yote barabarani.

Mfano huu unafundisha mambo mawili. La kwanza, mtumba si adui. Mtumba wa kawaida, wenye umri mdogo na usio na kiraka, waweza kushinda hata tairi jipya kwa gharama. La pili, tofauti ya Sh 15,000 kati ya mtumba wa theluji na mtumba wa kawaida, ambayo wateja wengi huing'ang'ania kwa nusu saa, inawapotezea mara kadhaa ya kiasi hicho ndani ya mwaka mmoja. Tairi jipya linabaki na faida yake moja ambayo mtumba hauna: mnunuzi anajua historia yake yote. Kwa mwenye kusafiri mara kwa mara kati ya Songea na Makambako, njia ya karibu kilomita 300 yenye malori mengi, faida hiyo ina thamani.

RIMU NDOGO KWA MASIKA

Kubadili tairi pekee ni nusu ya kazi. Gari la kasi huumizwa zaidi na rimu kubwa. Altezza nyingi hutembelea saizi 215/45R17. Ubavu wa tairi hilo, yaani mpira ulio kati ya rimu na barabara, una urefu wa milimita 97 tu. Masika yanapochimba mashimo na maji ya mvua kuyaficha, ubavu huo hauna nafasi ya kupokea pigo. Rimu hupinda au kupasuka, tairi hukatika ubavuni, na shokapu hubeba pigo ambalo tairi lilipaswa kulimeza.

Dawa yake ni kushuka inchi moja au mbili za rimu na kuongeza ubavu, huku kimo cha gurudumu zima kikibaki karibu vilevile:

215/45R17: ubavu milimita 97, kimo cha gurudumu milimita 625.

205/55R16: ubavu milimita 113, kimo milimita 632.

195/65R15: ubavu milimita 127, kimo milimita 634.

Tofauti ya kimo kati ya ya kwanza na ya mwisho ni asilimia 1.5 tu. Kipima mwendo hakitadanganya kwa kiasi cha kujali, lakini ubavu umeongezeka kwa milimita 30. Aidha, tairi la 195 ni jembamba kwa milimita 20 kuliko la 215. Tairi jembamba hukanyaga kwa uzito zaidi mahali padogo. Hukata maji na tope jepesi na kufika kwenye udongo mgumu, wakati pana huelea juu yake. Faida ya tatu ni ya mfuko: kwa kawaida tairi la inchi 15 ni rahisi kuliko la inchi 17, na hupatikana hata pale ambapo la 17 linaagizwa kutoka Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 900.

Hata hivyo rimu isinunuliwe kwa macho. Mambo manne huamua kama itaingia:

Kwanza ni idadi ya nati na upana wa duara lake. Altezza ina nati 5 kwenye duara la milimita 114.3. Impreza nyingi za miaka ya 1990 na mwanzo wa 2000 zina nati 5 kwenye duara la milimita 100. Kwa macho rimu hizo hufanana, lakini haziingiliani. Fundi anayelazimisha huharibu boliti.

Pili ni tundu la katikati. Kwa Toyota nyingi ni milimita 60.1, na kwa Subaru ni 56.1. Tundu la rimu likiwa kubwa, liwekewe pete ya kujazia, la sivyo usukani utatetemeka.

Tatu ni breki. Baadhi ya magari ya kasi yana breki kubwa za mbele ambazo haziachi nafasi kwa rimu ya inchi 15. Rimu moja ivalishwe mbele bila tairi na kuzungushwa kwa mkono kabla fedha haijatoka. Ikigusa, mnunuzi arudi kwenye inchi 16.

Nne ni nati zenyewe. Rimu za aluminiamu alizokuja nazo Toyota kiwandani hutumia nati yenye shingo na kikalio bapa. Rimu nyingi za sporti za dukani hutumia nati ya koni. Nati ya aina moja ikifungwa kwenye rimu ya aina nyingine huonekana imekaza, kisha hulegea njiani. Nati zifungwe kwa mpangilio wa msalaba, na zikazwe tena baada ya kilomita 50 hadi 100.

KUYAPANGA KWENYE GARI

Mteja akiwa na fedha ya matairi mawili tu, fundi wengi humfungia mapya mbele. Ushauri wa watengenezaji wakubwa ni kinyume chake: mazuri mawili yakae nyuma. Nyuma ikiteleza kwenye maji, gari huzunguka na dereva wa kawaida hawezi kulirudisha. Kwa magari yanayosukumwa na magurudumu ya nyuma, ushauri huo ni wa lazima.

Kwa Subaru na magari mengine yanayosukumwa na magurudumu yote manne, kununua mawili si uchumi. Matairi yote manne yawe ya saizi moja, aina moja na kina kinachokaribiana. Yasipolingana, kila moja huzunguka kwa kasi yake, na difu ya katikati hufanya kazi muda wote hata kwenye barabara iliyonyooka. Difu ikifa, bei yake hufuta akiba ya miaka mingi ya matairi.

Mshale ulioandikwa ROTATION ubavuni uelekee gari linakokwenda. Tairi lenye neno OUTSIDE lifungwe neno hilo likionekana nje. Mifereji ya matairi hayo imechorwa kutoa maji upande mmoja. Ikigeuzwa, tairi zuri hufanya kazi ya tairi baya.

UPEPO NA MAJI

Hakuna tairi, jipya wala mtumba, linaloweza kufanya kazi ya masika bila upepo sahihi. Katika miaka ya 1960 watafiti wa NASA ya Marekani, wakichunguza ndege zinazoteleza kwenye viwanja vyenye maji, waligundua kwamba mwendo ambao tairi huanza kuelea juu ya maji unategemea upepo uliomo ndani yake. Upepo ukipungua, tairi huelea mapema.

Kwa kanuni yao, tairi kipara lenye upepo wa 32 kwenye maji yaliyotuama huanza kuelea karibu kilomita 94 kwa saa. Lenye upepo wa 24 huelea karibu kilomita 82. Kashata nzima huongeza nafasi hiyo, lakini kanuni inabaki: dereva aliyesahau kujaza upepo amejipunguzia kilomita 12 za usalama bila kujua. Tairi likishaelea, usukani na breki havina kazi.

Wapo madereva wanaopunguza upepo ili gari lishike tope katika mitaa isiyo na lami. Kupunguza kidogo husaidia kutoka kwenye tope, lakini upepo urudishwe kabla ya kuingia lami. Tairi lenye upepo mdogo likikimbizwa hupata joto ubavuni na kupasuka. Kipimo sahihi ni kile cha kibandiko mlangoni, kikipimwa tairi likiwa bado la baridi, asubuhi kabla ya safari.

KWA MWENYE DUKA NA MWENYE MTAJI MDOGO

Tangu kiwanda cha General Tyre cha Arusha kiliposimamisha uzalishaji mwishoni mwa miaka ya 2000, soko la Tanzania limetegemea matairi kutoka nje. Muuzaji wa Songea yupo mwisho wa mnyororo mrefu, na bidhaa mbovu ikishapanda lori kutoka Dar es Salaam, nauli yake haitarudi. Mambo yafuatayo yana uzito kwa mwenye kuwekeza:

Achague mwenyewe. Bei ya jumla ya rundo lisilochambuliwa hupendeza, lakini rundo hilo ndilo linalobeba matairi ya theluji na yaliyozeeka. Kama nusu ya rundo haiuziki, bei halisi ya kila tairi zuri ni mara mbili ya iliyolipwa.

Ayatenge. Anayebaki na matairi ya theluji dukani ayaweke mahali pake na kumweleza mteja wazi. Yanaweza kufaa kwa mkokoteni au tela la shambani linalokwenda polepole, kwa bei ya kazi hiyo. Songea ni mji ambao watu wanajuana. Mteja mmoja aliyeteleza huwafikia wateja kumi kuanzia Mfaranyaki hadi Bombambili kabla ya wiki kuisha.

Anunue mapema. Fedha ya wateja ipo baada ya mauzo ya mazao, mahitaji hupanda mvua zinapoanza, na Januari mifuko hubanwa na ada za shule. Mzigo uwepo dukani kufikia Oktoba. Unaoingia Januari utalala hadi msimu mwingine, na mpira unaolala unazeeka.

Afanye biashara ya rimu. Mteja anayeshuka kutoka inchi 17 hadi 15 anaacha seti nzima ya rimu za sporti. Duka lenye nafasi laweza kuzitunza kwa ada ndogo hadi kiangazi, au kuzichukua kama sehemu ya malipo. Hiyo ni faida isiyohitaji mtaji mpya, na inamrudisha mteja mara mbili kwa mwaka.

Aulize masharti. Anayefikiri kuagiza matairi moja kwa moja kutoka nje apate kwanza maelezo ya Shirika la Viwango Tanzania (TBS) na hesabu ya ushuru ya Mamlaka ya Mapato (TRA), kabla hajatuma fedha. Mzigo uliozuiliwa bandarini hula mtaji kila siku.

KWA UFUPI

Kwa gari dogo la kasi mjini Songea, chaguo linalolipa ni tairi la kawaida au la misimu yote, lenye mifereji mipana ya kutoa maji, lisilozidi miaka 6, kwenye rimu ya inchi 15 au 16 iliyojaribiwa kwenye breki, likiwa na upepo wa kibandiko. Liwe jipya au mtumba, hiyo ni hesabu ya kila mmoja na mfuko wake. Tairi la theluji lisiwemo katika hesabu hiyo, hata muuzaji akilipunguza bei mara ya pili.